Jibu kwa Ndugu Yangu Aliyeko Nakuru

Umeniuliza, Vugutsa, kwa maneno manne tu:
"Huko mlimani kuna nini?"
Nimepanda jiwe la mama ili nikujibu,
maana mtandao huku haushuki, unafuatwa,
na nimevua viatu, kwa kuwa umande haujakauka
na jiwe hili halijawahi kupatana na soli ya plastiki.

Kuna mawe. Nianze na ukweli.
Shamba lako na langu, ukiyajumlisha,
nusu ni mwamba, robo ni mteremko;
tunalima kilichosalia,
tunapenyeza mahindi kati ya majabali
kama mshonaji anayetafuta tundu kwenye mshono wa zamani.
Kuna matope ya Aprili yanayomeza gambuti, moja, kisha ya pili.
Kuna magoti. Yangu hulia nikishuka mtoni,
hulia nikipanda, hayana Jumapili.

Lakini sikiliza.
Jana saa nane nilikuwa nimeanika wimbi uani.
Nikainua macho, nikaiona mvua ingali Nandi,
imejiinamia juu ya genge kama mtu anayetafuta njia.
Ikashuka. Ikaingia msitu wa Kaimosi, ikapotea,
ikatokeza Mudete ikiwa nyeupe.
Nilikuwa nimeshaanua wimbi,
nimefunga mbuzi, nimetega karai chini ya bati,
nimekaa mlangoni na kikombe cha chai
nikiingojea kama mgeni aliyepiga simu kabla ya kuja.
Niambie, mvua ya Nakuru hukuaga lini?

Unakumbuka miaka kumi na tisa niliyohesabu saruji Kisumu
katika ghala lisilo na dirisha?
Saa nilizijua kwa kengele, misimu kwa bei ya mifuko.
Usiku joto lilinilalia kifuani kama mpangaji asiyelipa kodi.
Huku saa kumi hunifikia yenyewe:
kivuli cha jiwe hugusa mlango wa jiko
nami najua ni wakati wa kukama.

Na sauti, Vugutsa!
Mideva, ng'ambo ya bonde, alisimama kwake juzi
akasema, wala si kwa kupayuka sana,
"Nimechemsha mrenda, na umenizidi!"
Kumfikia ni kushuka, kuvuka, kupanda, dakika arobaini.
Mwaliko wake ulinifikia kabla hajafunga mdomo.
Nilikwenda. Nikarudi na mbalamwezi,
bakuli tupu kichwani, nikicheka peke yangu njiani.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuliuliza.
Najua yule kijana mwenye lori amekutafuta.
Alikuja hapa na nyundo na tabasamu,
akaligonga jiwe mara tatu, akalisikiliza
kama daktari, akataja bei ya kokoto.
Alisema wewe umekubali, nimebaki mimi.

Sikukasirika. Pesa ni pesa, na watoto wako wanasoma.
Ila nilipopanda leo nimelikuta lile bonde dogo juu yake,
lenye ukubwa wa sinia,
alipokuwa mama akitulaza mmoja mmoja tukiwa wachanga
tuote jua la asubuhi huku yeye akipepeta.
Nimetia kiganja humo. Lilikuwa na maji ya mvua ya jana,
tayari yana uvuguvugu.

Jiwe ni lako kama lilivyo langu; sitalificha chini ya ulimi.
Njoo tu ulikalie usiku mmoja.
Taa za Kisumu zitakuwa chini yetu, kimya, hazimdai mtu,
na nyuma yake giza moja refu, ambalo ni ziwa.
Ukishakaa mpaka baridi ikuingie mifupani,
ndipo unitajie bei.

Betri imebaki mstari mmoja.
Nashuka sasa, kinyumenyume,
tumbo jiweni, mguu ukipapasa,
vile tulivyofundishwa.